Maji, umeme na nyasi za Mediterania: maswali yenu

Bahari wanayo mlangoni. Kwa nini nchi za Mediterania zisiondoe chumvi tu zikanywa?
Zinaondoa, kuanzia Hispania na Algeria hadi Cyprus na Israeli. Kinachouma ni umeme. Maji husukumwa kwa presha ya bar 60 hivi yapenye kwenye utando unaozuia chumvi, na kila mita moja ya ujazo ya maji yasiyo na chumvi hula uniti 3 hadi 4 za umeme. Tena hayapiti yote: katika lita 100 za bahari unapata kama 45.

Hizo 55 zinaenda wapi?
Zinarudi baharini na chumvi karibu gramu 69 kwa lita, ilhali bahari yenyewe ina 38 hivi. Hapo ndipo penye kazi. Maji hayo ni mazito. Huzama na kutambaa chini hadi kwenye posidonia, nyasi bahari ya huko (si mwani, ina mizizi, maua na matunda). Chumvi ikipanda hata gramu moja au mbili kwa muda mrefu, nyasi hudhoofika. Nazo husambaa sentimita chache tu kwa mwaka, kwa hiyo palipokufa leo hubaki kipara miaka na miaka. Dawa ni kuyazimua maji hayo ya chumvi kwanza kwa maji ya bahari, kama wafanyavyo Jávea, Hispania, au kuyarusha juu kwa kasi kupitia pua nyembamba mwishoni mwa bomba. Pua zikizibwa na mchanga au chaza, kasi hufa na maji huzama palepale. Mpiga mbizi azikague.

Umeme je, wanagawana?
Morocco na Hispania zimeungana kwa nyaya chini ya bahari tangu 1997. Hispania ilipozimika Aprili 28, 2025, umeme wa Morocco na Ufaransa ulisaidia kuiwasha tena.

Na kubadilishana maji kwa umeme?
Mwaka 2021 Jordan na Israeli zilitangaza nia: Jordan itoe megawati 600 za umeme wa jua, Israeli itoe mita za ujazo milioni 200 za maji kila mwaka. Hesabu ilikuwa nzuri. Novemba 2023, vita vya Gaza vikiendelea, Jordan ilisema haitasaini.

Nani anasimamia bahari yenyewe?
Mkataba wa Barcelona wa 1976: nchi 21 na Umoja wa Ulaya, chini ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao Nairobi, sawa na Mkataba wa Nairobi wa 1985 unaohusu pwani yetu. Nchi hizo ziliomba pamoja kwa shirika la bahari la Umoja wa Mataifa, na tangu Mei 1, 2025 mafuta ya meli zipitazo humo hayaruhusiwi kuzidi salfa asilimia 0.10, kwingineko kikomo cha kawaida ni 0.50.