Maswali ya Wasomaji: Kukodi Kipande cha Mto kwa Siku Moja

SWALI: Kwako Mhariri, salamu nyingi. Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Jinja, na tangu utotoni nimevua ngege na kisinja kwa ndoano katika Mto Nile bila kumlipa mtu yeyote. Binti yangu ameolewa Uingereza, katika jimbo la Hampshire, na mwezi wa Julai mimi na mama yake tutakwenda kumtembelea. Mkwe wetu ameniandikia kwamba amenilipia siku nzima ya kuvua katika kipande cha Mto Test, na kwamba siku hiyo hakuna atakayevua hapo isipokuwa sisi wawili. Nimeshukuru, lakini sijaelewa. Mto unawezaje kuwa wa mtu? Malipo hayo yanatosha, au kuna leseni nyingine? Na samaki nitakaowapata watakuwa wangu?
Mwalimu mstaafu, Jinja

JIBU: Mwalimu, shikamoo. Tuanze na hilo la mto kuwa na mwenyewe, kwa sababu ukishalielewa, mengine yatajieleza. Hapa kwetu Uganda, ibara ya 237 ya Katiba ya mwaka 1995 inaiweka mito na maziwa ya asili mikononi mwa serikali kuu na serikali za mitaa, ziitunze kwa niaba ya wananchi wote. Uingereza sheria ilikua kwa njia nyingine. Mwenye shamba linalopakana na mto, mradi ni ile sehemu ya mto ambayo maji ya bahari hayapandi na kushuka, huhesabiwa kuwa mwenye ardhi iliyo chini ya maji mpaka katikati ya mto, na pamoja na ardhi hiyo anapata haki ya kuvua. Haki hiyo inaweza kutenganishwa na shamba, ikauzwa peke yake, ikarithiwa, ikakodishwa kwa chama cha wavuvi kwa mwaka mzima au kwa mtu mmoja kwa siku moja. Maji yenyewe hayana mwenyewe, na samaki anayeogelea mtoni hana mwenyewe mpaka avuliwe. Kwa hiyo mkwe wenu hakununua mto, wala hakununua samaki; amelipia nafasi ya kujaribu, mahali fulani na siku fulani, bila mtu mwingine kuwasumbua.

Malipo hayo hayatoshi. Mtu yeyote mwenye umri wa miaka 13 au zaidi anayevua kwa fimbo katika mito na maziwa ya England lazima awe na leseni ya fimbo inayotolewa na Environment Agency, yaani wakala wa serikali unaosimamia mazingira. Leseni hiyo hupatikana kwa mtandao, ya siku 1, ya siku 8 au ya miezi 12, na kwa safari yako ile ya siku moja itakufaa. Leseni haikupi ruhusa ya kuvua mahali popote, na ruhusa ya mwenye mto haikuondolei wajibu wa leseni. Unahitaji zote mbili, kila mtu kwa jina lake. Anayekamatwa bila leseni anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 2,500. Mkumbushe mkwe wako akukatie mapema, kwa kuwa ni jambo ambalo mwenyeji aliyezoea husahau kwamba mgeni hana.

Sasa huo Mto Test. Ni mto wa chemchemi zinazotoka katika miamba ya chokaa, na ndiyo maana maji yake ni maangavu mno. Utaona kila kokoto, na samaki naye atakuona wewe. Mito ya aina hii ni michache sana duniani na iliyo mingi iko England. Maji ya chemchemi hutoka yakiwa na baridi ya nyuzi 10 au 11 hivi mwaka mzima, hali inayompendeza trauti, samaki wa jamii ya samoni ambaye jirani zetu Wakenya wanaye katika mito ya Mlima Kenya na Aberdare tangu alipoletwa na walowezi mwaka 1905. Test una historia ya ufahari pia: klabu ya wavuvi ya Houghton, yenye makao katika mji mdogo wa Stockbridge, ilianzishwa mwaka 1822 na bado ipo. Bei ya siku moja katika vipande vinavyosifika hufika mamia ya pauni, na kwa maoni yangu sehemu ya bei hiyo ni ya jina tu. Lakini mkwe ameshalipa, na si adabu ya mkwe kuulizwa bei.

Hapo hutavua kwa mnyoo, wala kwa dagaa, wala kwa mkate. Chambo kinachoruhusiwa ni mdudu bandia aliyetengenezwa kwa nyuzi na manyoya juu ya ndoano ndogo, na vipande vingi vya mto huo vinataka mdudu huyo aelee juu ya maji na arushwe kuelekea juu, mto unakotoka. Kanuni hiyo ilipata nguvu katika karne ya 19 chini ya Frederic Halford, mvuvi na mwandishi wa vitabu vya uvuvi, aliyeshikilia kwamba mvuvi amrushie samaki aliyekwisha kumwona akila, si kupiga maji ovyo. Mwenzake G. E. M. Skues, aliyevua katika mto jirani wa Itchen, akatetea mdudu anayezama kidogo, na ubishi wa wafuasi wao ulidumu miaka mingi kwa ukali ambao mtu wa nje anaweza kuuona kichekesho. Masalio yake utayakuta: sehemu nyingi zinamkubali mdudu anayezama kuanzia tarehe 1 Julai tu. Ulizeni kanuni za kipande chenu kabla ya siku yenyewe, kwa sababu kila mwenye mto ana zake, na anayezisimamia ni mtunza mto, mtu ambaye itakufaa kumsalimu kwanza na kumsikiliza, maana anajua samaki gani analala wapi.

Kwako wewe uliyezoea kutupa mshipi wenye risasi na kungoja, jambo gumu litakuwa kutongoja. Trauti hulala akiutazama mkondo, kichwa kikielekea mto unakotoka, na hupanda juu kuchukua mdudu anayepita. Kwa hiyo unamwendea kwa nyuma, yaani kutoka upande wa chini, ukiinama, ukikanyaga polepole kwa kuwa mtikisiko wa ukingo humfikia, na kivuli chako kikae mbali naye. Unatazama viduara juu ya maji. Ukishamwona, unamtua mdudu wako hatua moja au mbili mbele yake na kumwacha aje na mkondo kama mdudu mwenzake. Hapa ndipo wengi huharibu: mshipi uliolala juu ya maji ya kasi humvuta mdudu akakata mstari mdogo juu ya maji, na samaki akiuona mstari huo hufunga kinywa. Rudia, ukiuacha mshipi ulegee kidogo. Akimchukua, usinyanyue fimbo kwa pupa. Mwache afunge kinywa na kugeuka chini ndipo uinue.

Kuhusu saa, jiandae kwa jambo ambalo sisi tulio karibu na ikweta hatulioni. Mwanzoni mwa Julai jua la Hampshire huzama baada ya saa tatu usiku. Siku ya kukodi kwa kawaida huanza saa tatu asubuhi na kumalizika giza linapoingia, hivyo ni saa kumi na mbili za uvuvi, na huwezi kuzivua zote. Msimu wa wadudu wakubwa, wakati ambapo hata asiyejua hupata, ni mwisho wa Mei na mwanzo wa Juni, utakuwa umepita. Julai mchana wa jua kali samaki hulala chini ya majani na kivuli cha miti. Vueni asubuhi, kuleni na kupumzika mchana, halafu mrudi kuanzia saa kumi na mbili jioni, kwa sababu saa mbili za mwisho mara nyingi hulipa siku nzima. Kama kuna joto kali hata maji yakakaribia nyuzi 20, mtunza mto anaweza kuwaomba msivue kabisa, maana trauti aliyechoka katika maji ya joto hufa hata akirudishwa. Msibishane naye.

Kuna swali moja ambalo mkwe wako alipaswa kuuliza kabla ya kulipa, na bado halijachelewa: je, siku hiyo wanakata majani ya mtoni? Katika Test na Itchen majani ya majini hukatwa kwa tarehe zinazopangwa mapema, na siku hizo marundo ya majani huelea kutwa nzima na kunasa kila ndoano. Ni siku iliyopotea hata kama jua linapendeza. Tarehe zikigongana, mwombe abadilishe.

Sasa, samaki ni wako? Inategemea. Mahali pengi trauti wa asili hurudishwa wote majini, na pengine wale waliofugwa na kutiwa mtoni unaweza kuchukua wawili. Ndoano huwa haina kijino, ili itoke kwa urahisi. Lowanisha mikono kabla ya kumshika, mfungue angali ndani ya wavu, mshike akiutazama mkondo mpaka aondoke mwenyewe. Najua mtu wa Jinja ataona ajabu kumwachia samaki wa kilo nzima na kwenda nyumbani kula kuku. Mavazi yawe ya rangi ya majani au udongo, kofia yenye ukingo, na miwani ya jua inayokata mng'ao wa maji. Usibebe viatu vya matope wala nyavu kutoka hapa. Wenzetu wanaogopa sana viumbe na magonjwa ya mto mwingine, nasi tunaolijua gugu maji la Ziwa Victoria hatuna sababu ya kuwacheka.

SWALI: Mhariri, nina wageni wawili wa kutoka Kampala wanaotaka kuvua sangara kwa fimbo chini ya Maporomoko ya Murchison. Wanauliza kama kuna kipande cha mto cha kukodi, wakati gani ni mzuri, na wajiandae vipi.
Msomaji, Masindi

JIBU: Kipande chenu peke yenu hakuna. Mto unapita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Maporomoko ya Murchison, ambayo wazee wengine bado huiita Kabalega, nayo inasimamiwa na Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda. Mnalipa kiingilio cha hifadhi, kisha kila mvuvi analipa kibali cha kuvua kwa fimbo, na gharama ya mashua na mwongozaji ni mbali. Wengi hukosea katika hesabu kwa kudhani kwamba kibali kimejumuisha mashua. Agizeni mashua mapema, na mwulizeni mwenye mashua kama fimbo na chambo ni vyake au vyenu.

Hapo sehemu kubwa ya Nile hubanwa katika mwanya wa mwamba wenye upana wa mita 7 hivi na kuanguka kiasi cha mita 43. Maporomoko hayo yalikuwa ukuta: sangara alikuwa wa Ziwa Albert na Nile ya chini, hakuwapo upande wa juu mpaka binadamu alipompeleka katika maziwa ya Kyoga na Victoria miaka ya 1950. Kwa hiyo wageni wenu watakuwa wanamvua kwao hasa. Tafuteni maji yanayozunguka kando ya mkondo mkali na nyuma ya mawe makubwa, mahali ambapo sangara hujificha akingoja samaki wadogo waliolemewa na maji. Miezi ya kiangazi, Desemba hadi Februari, ndiyo rahisi, maana mvua zikizidi maji huwa na tope na samaki huyu huwinda kwa macho.

Vifaa viwe vizito, mshipi imara na kamba nene karibu na ndoano, kwa kuwa meno ya sangara hayakati lakini husugua. Mifuniko ya mashavu yake ina miiba inayochana kiganja, basi asishikwe hapo. Vaeni glavu na mshike taya la chini. Mkimnasa ngasa, yule mwenye meno ya nje, msipeleke kidole karibu. Msisimame ukingoni wala kunawa mikono mtoni, kwa sababu mamba wa sehemu hiyo ni wakubwa na wengi, na viboko hupanda nchi kavu jioni. Mbung'o wapo, huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, basi nguo za rangi hizo ziacheni nyumbani.

SWALI: Nikipata sangara mkubwa, naweza kumchukua?
Msomaji yuleyule

JIBU: Ndani ya hifadhi, fuateni masharti yaliyoandikwa katika kibali na agizo la askari wa wanyamapori mtakayekuwa naye. Nje ya hifadhi, sangara aliye chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa, na ngege aliye chini ya sentimita 28 vivyo hivyo. Mwaka 2017 kikosi cha jeshi kilipelekwa kusimamia uvuvi katika maziwa, kikaanza kukagua vipimo hivyo bila masihara. Yule mkubwa kabisa ningewashauri mmpige picha haraka na kumrudisha, kwa kuwa sangara wakubwa karibu wote ni majike, na mmoja hubeba mayai kwa mamilioni. Mkitaka wa kula, mchukueni wa kadiri.