Arobaini ya mwalimu wetu wa chuo, na ile pesa ya sanda

SWALI: Asalaam alaykum sheikh. Mie naishi Makorora hapa Tanga. Mwalimu wetu wa chuo amefariki, hii wiki ya tatu. Ametusomesha Qur'an barazani kwake miaka na miaka, kuna nyumba mama kasoma pale na mtoto kasoma palepale, na ada hakuwa nayo, mwenye kuleta analeta. Alikuwa pia anaosha maiti wa kike, utamuona na baiskeli yake, kapu mbele, sabuni na kafuri na udi, anakwenda, na wagonjwa wa hospitali ya Bombo wasio na ndugu akiwapelekea uji. Sasa wanafunzi wa zamani tuna grupu la WhatsApp, wameamua arobaini kubwa, kila mtu elfu 30 pamoja na tisheti yenye picha yake, asiyetoa anaondolewa kwenye grupu. Pesa hazijatimia wakasema wachukue na ile laki tatu na ushee iliyokutwa kwenye kopo lake la sanda, lile la michango ya watu ya kusitiri maiti wasio na mtu. Halafu kuna ustadh kijana humo anasema yote bidaa, uzushi kwenye dini, hata kumuandika mema yake kwenye stetasi bidaa, mtu akifa amali imekatika hakimfikii kitu. Mie hiyo elfu 30 sina, na nalia kila siku manake aliniomba nimsaidie kusomesha Jumamosi nikawa nasema wiki ijayo, wiki ijayo. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah, binti yangu. Swali lako nimekaa nalo siku nne, sio kwa ugumu wa hukumu, ila kila nikilisoma nafika kwenye lile kapu la baiskeli nasimama. Mama yangu mzazi, Allah amrehemu, alioshwa na mwanamke wa namna hiyo hiyo, alikuja, akafanya kazi yake, akanywa chai kavu akaondoka, na jina lake mpaka leo silijui.

Kulia lia. Mtume (s.a.w.) alimlilia mwanawe Ibrahim akasema jicho linatoka machozi na moyo unahuzunika, na hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Kilichokatazwa ni kupiga mayowe na kujichania nguo, machozi hayakukatazwa.

Sasa huyu ustadh wenu. Mie na vijana hawa huwa sina ugomvi, wengi wana bidii kuliko sisi tulivyokuwa, lakini hapa kachukua nusu ya hadithi kaikimbilia. Hadithi aliyoisoma inasema mwanadamu akifa amali yake inakatika ILA kwa matatu, sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema anayemuombea. Hebu nambie, mtu amesomesha watoto wa mtaa mzima mpaka wakajua kuisimamisha alif, leo mmoja wao anasali Alfajiri anasoma Fatiha aliyofundishwa barazani pale, hiyo ndo ya kuambiwa imekatika? Hiyo hadithi anayompigia nayo ndo inayomtetea! Na hata hilo neno lenyewe, imesemwa inakatika amali YAKE, haikusemwa kwamba amali ya mwenziwe haimfai. Ingekuwa hakimfikii kitu basi ile sala ya jenaza tunasimamia nini, takbira nne zile na dua ndani yake ya kumtakia maghufira, tunamuombea nani? Sahaba Saad bin Ubada alifiwa na mama yake naye hayupo, akaja akauliza nikimtolea sadaka itamfaa, akaambiwa naam, akatoa bustani yake nzima palepale.

Atakuletea aya, najua, ile ya Suratun Najm kwamba mtu hapati ila alichokihangaikia. Mwambie vizuri bila kumtukana, sisi wanafunzi wake ndo mahangaiko yake. Aliyeelekeza kwenye kheri ana ujira mfano wa aliyeitenda.

Na hilo la kusema kumtaja mema ni bidaa ndo limeniudhi hasa. Kulikuwa na mwanamke mweusi akifagia msikiti wa Mtume, akafariki, masahaba wakamzika bila kumwambia Mtume, na mpokezi anasema ni kama waliliona jambo lake dogo. Mtume akamkosa. Akauliza yuko wapi. Walipomwambia kafa akasema mbona hamkunijulisha, nionesheni kaburi lake, akaenda akamsalia pale. Mfagiaji jamani, sio mke wa tajiri wala ukoo wa watukufu wa Makka. Na bibi Khadija, miaka imepita tangu afe, Mtume anachinja mbuzi anakata vipande anawapelekea marafiki zake Khadija mpaka bibi Aisha akaona wivu. Jenaza ilipita watu wakaisifu kwa kheri akasema imewajibika, yaani pepo, nyie ni mashahidi wa Allah katika ardhi. Sasa ushahidi huo utatolewaje kama midomo imezibwa? Andika kwenye stetasi yako alivyokufundisha, muombee, usiogope mtu. Ila usimuongezee ambayo hakuwa nayo.

Nikitoka kwa ustadh naja kwenu wenye grupu, na hapa mtanisamehe. Siku ya arobaini kama siku haina hukumu yoyote kwenye sheria, haina ubora kuliko ya thelathini na nane. Watu wakikusanyika wakasoma hitima wakamuombea bila kuamini kwamba ni lazima, mie siwagombezi, Tanga hii tumezaliwa tumeikuta, na najua wapo masheikh wenzangu wanaikataa na wana dalili zao. Kisomo chenyewe wanazuoni wamehitilafiana kama thawabu zinafika au hazifiki, imam Nawawi akachagua kwamba msomaji amalizie kwa dua, ewe Mola fikisha thawabu za nilichosoma kwa fulani, fanyeni hivyo mpumzike na mabishano. Lakini tunajiita Mashafi sisi, na imam Shafi mwenyewe aliyachukia haya makusanyiko ya msibani hata kama hakuna kilio, kwa sababu mbili tu, yanaamsha upya huzuni na yanaleta gharama. Gharama! Ilipofika habari ya kifo cha Jaafar, binamu yake, Mtume alisema watengenezeeni familia ya Jaafar chakula, limewafika la kuwashughulisha. Yaani chakula kiende kwa wafiwa. Sisi tunakwenda tunakaa mkekani kwao tunaulizana pilau mbona limechelewa.

Elfu 30 ya lazima sio sadaka, ni kodi. Huna, usitoe, na wakikutoa kwenye grupu hakuna dhambi juu yako, itakuwa juu ya aliyekutoa kwa kukudhalilisha. Tisheti nazo, hukumu ya picha siingii leo, ila nauliza, huyu mama aliyejistiri umri wake wote, mngemuuliza yu hai angekubali uso wake upite sokoni Ngamiani kifuani kwa wanaume? Jibu mnalijua.

Kopo sasa. Hili halina khilafu, wanazuoni hawabishani. Pesa ile sio yake, sio ya warithi wake, na sio yenu. Waliotoa walitoa kwa ajili ya sanda, ni amana, haigeuzwi mchele hata kwa kijiko kimoja. Sanda ya mwanamke ni vipande vitano, pigeni hesabu wenyewe laki tatu inasitiri maiti wangapi wasio na mtu. Kaangalieni kama aliacha daftari la majina, halafu wanawake wawili waaminifu wakabidhiwe kopo mbele ya imamu wa msikiti wenu, zihesabiwe, ziandikwe. Na waulizeni jamaa zake kama anadaiwa dukani au popote. Kama mna elfu 30 za kukusanya basi deni lianze, nafsi ya muumini inaning'inia kwa deni lake mpaka lilipwe, sijaona popote pamesemwa inaning'inia kwa pilau.

Binti yangu nirudi kwako. Ile wiki ijayo wiki ijayo inakuuma, na siwezi kukwambia haikuwa kitu, ilikuwa ahadi. Lakini angalia alikuomba nini. Hakukuomba uje msibani, alikuomba Jumamosi. Katika maneno yote uliyoniandikia, na yote uliyosema yanasemwa humo kwenye grupu, sijaona hata mmoja aliyeuliza wale watoto saa hizi wanasoma wapi. Mikeka imekunjwa wiki ya tatu. Wengine washasahau walipofikia.

Zungumza na wenye nyumba, baraza wakikubali sawa, wakikataa omba msikitini. Jumamosi saa tatu nenda na juzuu amma yako, ile juzuu ya mwisho ya Qur'an, hiyo hiyo ya zamani. Ukimkuta mtoto mmoja anza naye mmoja. Waambie wa grupu mwenye elfu 30 yake anunue misahafu miwili na mkeka, nia iwe ya mwalimu.

Na maiti za kike za mtaa huo nani anaosha sasa? Hiyo faradhi kifaya, akikosekana mtu mtaa mzima mna dhambi. Mke wangu anaosha, Alhamisi baada ya alasiri huwa yupo nyumbani, nimeshamwambia habari yako. Njoo na mwenzio mmoja mwenye nguvu, mtu peke yake hamudu kumgeuza.