Mdogo wake yuko mahututi: tumfiche?

SWALI: Kichanga chetu kina wiki ya pili katika chumba cha wagonjwa mahututi. Kaka yake, miaka 5, ameanza kukojoa kitandani na hataki shule. Tumpeleke akamwone?

JIBU: Mpelekeni, mradi wodi inaruhusu watoto na yeye hana mafua wala kuhara. Mtoto asiyeambiwa kitu hujitungia mwenyewe, na anachotunga huwa kibaya kuliko ukweli. Wa umri huo huweza kuamini yeye ndiye chanzo, eti kwa sababu aliwahi kusema hamtaki mdogo wake. Mwambieni hata asipouliza: "Hukumfanya augue." Utajeni ugonjwa kwa jina; mkisema "amelala tu", ataogopa kitanda chake.

Kabla ya kwenda, mwonyesheni picha ya leo, si ya siku ya kuzaliwa. Anzeni na uso, kisha mirija: huu wa puani unapitisha maziwa, ule wa mdomoni unamsaidia kupumua, ndiyo maana akilia hasikiki. Kengele za mashine hulia hata waya ukilegea tu. Asipojua hilo, atadhani mdogo wake anakufa. Dakika 5 hadi 10 zinatosha, na awepo mtu mzima wa kutoka naye. Akigoma mlangoni, msimvute. Achore picha, muuguzi aibandike karibu na kitanda.

Kukojoa msikukaripie, kwa kawaida hupita. Ila akilalamika maumivu au akiwa na kiu kupita kiasi, apimwe. Mwalimu naye aambiwe.