Meli Inayoionea Haya Bahari

Ijumaa iliyopita nilipotoka msikitini nilikuta ujumbe kwenye simu. Binti mmoja wa hapa hapa Lamu, aliyemaliza masomo ya usanifu wa ndani kule Mombasa, ameniandikia: "Ami, shikamoo. Nasoma makala zako tangu niko chuo. Nimepata kazi yangu ya kwanza, kupamba jahazi la watalii. Mwenyewe anataka lifanane na zile meli kubwa za kitalii. Taa za rangi, vioo, zulia kila mahali. Sijui nianzie wapi."

Nilimjibu kwa ufupi: Usikubali, mwanangu. Baadaye usiku nikaona nimemdhulumu. Ukimkataza mtu kazi yake ya kwanza, mpe sababu. Na najua wengi mnaonisoma mna ndoto kama yake, mnataka siku moja jina lenu litajwe kwenye chombo kinachozunguka dunia. Nami nilikuwa nayo. Basi leo naeleza yote.

Mwaka 2011 nilipata kandarasi ya useremala kwenye meli ya kitalii. Habari za wakala, vipimo vya hospitali na hati za baharia naziruka, wengi mnazijua. Niliipandia Barcelona. Nilishuka kwenye basi nikainua macho, na nakumbuka nilivyosimama pale gatini na begi begani nikitafuta omo, ile sehemu ya mbele ya chombo. Mimi nimezaliwa Lamu. Kabla sijajua kuandika nilijua kukitambua chombo kwa omo yake: hii ya dau, hii ya mashua, hii ya jahazi. Pale niliona roshani juu ya roshani, safu kwa safu, kama kabati lililoachwa droo wazi. Omo ilikuwepo, kipande kifupi chini kabisa, kana kwamba mjenzi aliikumbuka siku ya mwisho.

Ndani kulikuwa na ukumbi wa kati wenye lifti za vioo. Nguzo zake zilimetameta kama marumaru. Niligonga moja kwa kifundo cha kidole, ikalia kama ndoo tupu. Kulikuwa na taa za zambarau zikigeuka buluu na kisha waridi, vioo vya rangi ya dhahabu darini, na minazi minane ya plastiki. Kazi yangu ya kwanza melini ilikuwa kugandisha gome la mmoja wa minazi ile lililobanduka. Nililitazama kwa karibu kwa sababu ilinibidi. Mapete yake yalijirudia kila baada ya shubiri moja, sawasawa, kutoka chini hadi juu. Mnazi wa kweli kila pete yake ina habari yake, hapa mvua ilichelewa, hapa mtu alichonga ngazi ya kukwelea. Nililipaka gundi lile gome nikalifunga kwa mkanda, na roho iliniuma kwa namna ambayo wenzangu hawakuielewa.

Jambo lililoniudhi zaidi ya rangi na plastiki ni hili: ilikuwa shida kuiona bahari. Kutoka mlango wa chakula hadi kwenye sitaha ulipitishwa kasino, kisha maduka ya saa na manukato, kisha ukuta wa picha za kuuzwa. Abiria walikuwa wakiniuliza mbele ni upande gani, wao wenyewe wakiwa baharini siku ya nne. Nitawapa sifa kwa kitu kimoja. Mazulia ya korido yalikuwa na samaki, na samaki wale waliogelea kuelekea omo, hivyo mgeni aliyepotea aliwafuata. Aliyebuni lile alikuwa mtu wa maana. Lakini siku zulia la upande mmoja lilipobadilishwa, walilitandika kinyume, samaki wakaelekea tezi, nyuma ya meli. Nilimwambia msimamizi. Akanijibu nishughulike na bawaba za milango. Walibaki wanaogelea kinyume hadi nilipomaliza kandarasi.

Sasa nifike panaponiuma.

Kandarasi yangu ya pili, tulitangaziwa kwamba meli itaingia chelezoni kufanyiwa ukarabati wa ndani, na mfanyakazi yeyote mwenye wazo alilete. Niliamini. Nilikaa usiku mwingi kwenye kitanda changu cha juu nikichora. Wazo langu lilitoka kwenye nyumba zetu za kale za mawe. Mnajua vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana wake unafuata urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari. Na wazee wetu walipopata chumba chembamba hawakukipaka rangi za kupiga kelele. Walijenga zidaka, safu za vishubaka vya chokaa ukutani, vikubwa kwa vidogo, hata jicho likadhani ukuta una kina kirefu. Nikasema, kabini ya meli ni chumba chembamba vilevile. Nilichora ukuta wa zidaka vifupi, na mlango wenye nakshi. Nilipokuwa likizo nilikuwa nimebeba kipande cha mbambakofi, mbao yetu ngumu, upana wa viganja viwili. Nikakichonga kwa patasi zangu mwenyewe: mnyororo pembeni, ua katikati. Nikampelekea mkuu wa mapambo.

Alikigeuza mara mbili, akatabasamu, akasema mbao zinaungua. Hakutazama michoro, aliiweka pamoja na kile kipande chini ya kikombe chake cha kahawa. Niliondoka nikiamini ni dharau tupu.

Baadaye nilisoma, nikakuta nusu ya jibu lake ilikuwa haki. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa baharini, SOLAS, hauruhusu kujenga kuta za ndani za meli ya abiria kwa mbao zinazoshika moto. Ubao unaokubaliwa ni ule mwembamba wa kubandikwa juu ya kitu kisichoungua. Sheria hizo zimelipiwa kwa roho za watu. Mwaka 1934 meli ya Morro Castle iliwaka moto karibu na pwani ya New Jersey, Marekani, wakafa watu 137, na zile kuta zake za mbao zilizong'arishwa zilikuwa kuni. Normandie ya Ufaransa, ambayo wengi wanaiona ndiyo iliyopambwa vizuri kuliko zote, iliungua gatini New York Februari 1942. Cheche za mtu wa kuchomelea ziliangukia rundo la majaketi ya kuokolea yaliyojazwa usufi. Usufi huuhuu wa magodoro yetu! Kwa hiyo somo la kwanza kwenu vijana, na nilifundishwa kwa aibu: kabla hujachora, ijue sheria ya chombo. Ningeijua, ningependekeza zidaka vya plasta peke yake, na asingekuwa na la kusema.

Lakini hakuna sheria ya moto inayoamrisha minazi ya plastiki. Na yaliyofuata hayakuwa na sheria yoyote. Meli ilipotoka chelezoni, kwenye baa ya nyuma walikuwa wamebandika paneli kubwa ya plastiki iliyochapishwa picha ya mlango wa kuchonga wa Kiswahili. Picha. Jua la mpiga picha limo humo humo, na kivuli cha waya wa umeme kimepita juu ya nakshi. Juu yake wameweka taa ya zambarau. Karibu yake mchoro wa simba. Nilikuwa na mikono inayojua kuchonga mlango ule, iko ghorofa tano chini inakaza bawaba, na mgeni anapiga selfi mbele ya plastiki. Miaka imepita, na bado nikiona taa ya zambarau kifua hunibana.

Nilirudi Lamu nikiwa na hasira, nikataka kujua kwa nini meli hizi zimekuwa hivi. Nilichogundua ni kwamba ubaya wake una hesabu. Titanic ilikuwa na urefu wa mita 269 na tani 46,000 hivi. Icon of the Seas, iliyoundwa Turku, Finland, ikaanza kubeba abiria Januari 2024, ina urefu wa mita 365 hivi na tani karibu 250,000. Tani hizo hazipimi uzito, zinapima nafasi ya ndani. Tazameni basi: urefu umeongezeka kwa kama theluthi moja tu, nafasi ya ndani imezidi mara tano. Imekwenda wapi? Imekwenda juu na pembeni. Ndiyo maana ni sanduku. Kabini yenye roshani huuzwa ghali kuliko isiyo na dirisha, kwa hiyo ubavu wote unakuwa roshani. Watu hadi 7,600 wanaingia, kila mmoja alipie kitu, kwa hiyo njia zinapita madukani. Sitaha ya juu inapewa mitelezo ya maji ya rangi ya peremende. Hapo bahari haina kazi tena.

Msiniambie kwamba haiwezekani kuwa vingine. Queen Mary ya mwaka 1936 ilipambwa kwa zaidi ya aina 50 za mbao, na leo watu wanakwenda Long Beach, California, kuitazama ikiwa hoteli. Queen Mary 2, iliyoanza safari 2004, imefuata sheria zote za kisasa, ina roshani, ina maduka, na bado ukiiona kwa mbali unajua ile ni omo na ile ni tezi. Aliyeibuni, Stephen Payne, alitaka meli ya kuvuka Atlantiki, basi umbo likafuata mawimbi. Umbo likiwa na sababu, pambo linapata pa kukaa.

Watu wengine huniambia, mbona nanyi mnapaka vyombo vyenu rangi? Kuna kampuni ya Kijerumani, AIDA, meli zake zote zimechorwa midomo mikubwa myekundu omoni, na macho yaliyorefushwa ubavuni. Nyingine, Norwegian Breakaway ya 2013, ilipakwa mchoro wa msanii Peter Max wenye majengo ya New York. Macho sina neno nayo. Dau la Lamu lina macho, na mtepe wa kale ulioshonwa kwa kamba bila msumari ulikuwa na macho. Lakini nendeni mkatazame dau lililopandishwa mchangani. Jicho ni kibao cha mviringo, kimechongwa, kimepigiliwa pale mbao za omo zinapokutana, kina mwezi na nyota. Liko mahali pake, na fundi analiweka mwisho, chombo kikiwa tayari kuona njia. Midomo ile imepakwa juu ya bati kwa sababu bati lilikuwa tupu. Fundi anayepamba kwa sababu anaogopa utupu hatatosheka hata apewe rangi za dunia nzima.

Naam, ninajivuna kidogo, nina haki. Mwaka huu nimemaliza jahazi moja, mwenyewe naye alianza kwa kutaka taa za rangi. Sikubishana naye. Nilimwomba tulale chomboni usiku mmoja, tumetia nanga mbele ya Shela. Alfajiri aliamka akaona mwanga wa maji unacheza chini ya mbao za sitaha, unapanda kwenye mataruma, zile mbavu za chombo, unashuka. Akanyamaza muda mrefu. Akasema, hapa tusiweke kitu. Tuliyaacha mataruma wazi, tukayapaka mafuta. Viti tuliviinamisha kuelekea nje ili mgeni akikaa macho yake yaende kwenye maji. Nakshi tuliweka mahali patatu tu, kwenye kizingiti cha kushukia chini, kwenye ubao wa tezi wenye jina, na nyuma ya kiti cha nahodha. Taa ni za mafuta zilizowekewa balbu ndogo za manjano. Alizoea kupata wageni wa saa moja ya jua kuzama. Sasa wanaomba kulala.

Kwa hiyo vijana, msipambe chombo mkiwa ofisini. Vueni viatu. Kaeni chini, lala, sikiliza chombo kinavyolia, uone mwanga unaingilia wapi asubuhi na unatokea wapi jioni. Usiufunike mlingoti. Usiifunike bahari. Kama mteja anataka mfano wa zile meli kubwa za kitalii, mpeleke baharini kwanza, maneno baadaye. Kama bado anataka, mrudishie pesa yake ya kishika uchumba uende nyumbani, riziki iko kwa Mungu. Nimewahi kurudisha, watoto wangu hawakulala njaa. Na sheria ya moto uisome, narudia, uisome, hata kama ni jahazi la watu kumi.

Na wewe binti yangu uliyeniandikia, nifute lile neno "usikubali". Ikubali kazi. Jumamosi nitakuwa Matondoni kwa fundi mwenzangu, kuna chombo kinatiwa kalafati, pamba ya kuziba nafasi za mbao. Njoo na huyo mwenye jahazi, mje kabla maji hayajajaa ili tuweze kupita chini ya mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo. Beba penseli na futi, michoro yako iache nyumbani. Nitakuja na kile kipande cha mbambakofi. Kina alama ya duara pembeni, kahawa ilimwagika ikapenya, sikuwahi kuipiga msasa.