Shamba lisilo na ndege nalo lina fomu yake

Jana jioni mlirudi kutoka nyanda za Kinangop, Kenya, gambuti zimelowa, mkanikabidhi fomu 14 za kuhesabu ndege. Mashamba ni 20. Nilipouliza yale 6, mkajibu kwa pamoja: "Huko hakukuwa na kitu." Sikulala vizuri, wadogo zangu.

1. Sifuri ni hesabu. Mwaka wangu wa pili nilipewa mashamba yangu ya kufuatilia ndege wetu, Macronyx sharpei. Mnamjua: kifua cha manjano, hapatikani popote nje ya Kenya, na bila nyasi za mafungu za nyanda za juu hana pa kujenga kiota. Msimu huo nilikuta mashamba manne yamelimwa, viazi hadi kwenye ua. Moja lilikuwa la mzee aliyenikaribisha chai kila raundi. Humo mwaka uliotangulia niliona jozi ikibeba wadudu kulisha makinda. Nilisimama langoni, nikaona hakuna cha kuhesabu, nikapita. Fomu sikujaza.

Kwenye jedwali mashamba hayo yakabaki wazi, na mchanganuzi akayachukua kuwa hayakutembelewa. Angefanyaje? Wastani ukapigwa kwa mashamba yenye nyasi peke yake, ukatoka uleule wa mwaka jana. Ripoti ikasema idadi imetulia, nami nikaisoma kwa fahari mbele ya wakulima wenyewe. Yule mzee akanyanyua mkono. "Mwanangu, kwangu hawapo tena. Nililima, nilikuwa na karo ya kulipa. Kwani hukuona?"

Niliona. Hilo linaniuma hadi leo: macho yaliona, karatasi ikanyamaza. Ndege walikuwa wanakwisha, na mimi niliyetumwa kuwatazama ndiye niliyeuficha msiba wao. Ripoti tuliirekebisha, lakini wakulima wale walichukua muda kuniamini tena. Basi ukikuta viazi, kabichi au mikaratusi, tembea mstari wako wote wa kuhesabia, andika saa, andika 0, andika ardhi imegeuka nini.

2. Umbali pimeni kutoka kwenye mstari hadi pale ndege alipokuwa mlipomwona kwanza, si alipotua baada ya kuruka. Na acheni mapenzi na 5 na 10: mita 7 ni mita 7.

3. Kamba mnayoiburuta wawili wawili juu ya nyasi ili ndege aruke inataka mwendo mmoja. Ndege huyu hujibanza kwenye nyasi mpaka umkaribie sana. Mmoja akikimbia na mwenzake akichechemea, kamba inapinda na kumwacha aliye katikati. Juzi mmoja wenu alivutwa hadi mtaroni, nikacheka mpaka machozi, lakini hakuiachia kamba. Huyo nampenda. Mkiona kiota, nyanyueni kamba, chukueni alama ya GPS ya mahali hapo, ondokeni upesi, wala msifunge utepe karibu nacho.

4. Salimieni wenye mashamba kabla ya kuvuka ua. Ardhi ile karibu yote ni ya watu, na yale mafungu magumu tunayoyasifu ng'ombe hawayataki. Anayeyaacha amejinyima malisho. Yule mzee wangu, baada ya mkutano, aliacha pembe moja upande wa mto bila kulima, kondoo wakachungwa humo na mafungu yakabaki. Miaka miwili nikaandika 0. Mwaka wa tatu alinipigia simu kabla sijafika, akanishikia simu hewani nisikie mluzi.

Kesho saa 11:30 alfajiri tunaanzia kwake, kisha yale 6. Fomu nimeshazichapisha.