Kutembea kando ya mfongo Marangu na mzazi mwenye magoti mabovu

Dada, umeuliza kama mama yako wa miaka 63, mwenye maumivu ya magoti, anaweza kutembea Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, bila kupanda mlima. Anaweza, mradi mfuate mfongo, yaani mfereji wa asili wa kumwagilia mashamba. Wachaga walichimba mifereji hii ikizunguka ubavu wa mlima kwa mteremko mdogo mno, kwa hiyo njia ya kando yake ni karibu tambarare, chini ya kivuli cha migomba na kahawa.

Pandeni daladala Moshi hadi Marangu Mtoni, kisha mtafuteni mwenyeji wa kuwaongoza. Msimkwepe, kwani njia hupita ndani ya vihamba (mashamba ya nyumbani) vya watu, na yeye ndiye anayejua pa kubisha hodi. Kilomita 3 kwenda na kurudi zinatosha. Tengeni muda wa saa mbili na nusu. Anzeni kwa kwenda kinyume na maji, mama angali na nguvu, ili kurudi kuwe kwa kushuka.

Aprili na Mei ahirisheni: udongo wa kule ukilowa huteleza kama sabuni. Januari na Februari ni bora. Viatu viwe na soli ya meno, na fimbo aishike upande wa bondeni.

Asikanyage ukingo wa mfongo. Ni udongo mtupu. Ukimeguka, maji humwagika bondeni na mwenye zamu ya kumwagilia huko chini hukosa. Mkikuta mfereji mkavu, msidhani mmepotea, huenda maji yamefungwa kwa zamu ya wengine. Mfongo unapovuka korongo kwa bomba au gogo, geukeni hapo hapo.