Makanisa ya kale ya vijijini Uingereza: mmeuliza, nawajibu

Siku isiyo na ibada nitaruhusiwa kuingia? (Msomaji, Leicester)

Ingia tu. Makanisa mengi ya vijijini huachwa wazi mchana bila mlinzi. Zungusha pete ya chuma ya mlangoni, kisha sukuma kwa nguvu. Ukikuta na mlango wa wavu, urudishie: unawazuia mbayuwayu wasije wakanaswa ndani. Na nakuomba sana, usitoke bila kutia chochote kwenye sanduku la sadaka. Paa likivuja, mzigo wa matengenezo ni wa parokia yenyewe, na pengine waumini wa Jumapili hawazidi kumi.

Niko London. Nianzie wapi?

Greensted, Essex. Panda treni hadi Epping, kisha basi la Ongar, halafu utembee kidogo. Wengi hulitaja kuwa kanisa la mbao kongwe kuliko yote duniani. Kuta zake ni magogo ya mwaloni yaliyokatwa karne ya 11, yakapasuliwa katikati na kusimamishwa wima. Ukiwa ndani, sogea karibu na upande ule bapa: alama za tezo bado zinaonekana, pigo kwa pigo. Mimi hapo huwa sina haraka ya kuondoka.

Mbona kuta nyingi ni nyeupe tupu?

Zamani zilijaa picha, maana waumini wengi hawakujua kusoma. Wakati wa Matengenezo ya Kanisa (yaani Uingereza ilipoacha Ukatoliki na kufuata Uprotestanti), hasa enzi za Mfalme Edward VI (1547–1553), zikapakwa chokaa. Kule Pickering, Yorkshire, picha za kanisani zilifunuliwa mwaka 1852. Kasisi akahofu zitawatoa watu kwenye ibada, akaagiza zifunikwe tena! Baadaye zikarejeshwa, na leo utamwona Mtakatifu George akimchoma joka.

Mimi Mwislamu. Kuna ubaya?

Hakuna. Hutaulizwa dini. Ukikuta ibada au mazishi, subiri nje.

Kuna lolote linalotugusa Waswahili?

Lipo. Edward Steere alikuwa kasisi wa Little Steeping, Lincolnshire, kabla ya kufika Unguja mwaka 1864. Ndiye aliyechapisha hadithi za Kiswahili alizosimuliwa na Wazanzibari (1870), na ndiye askofu aliyejenga kanisa kuu la Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa. Amezikwa humo. Little Steeping ni kijiji cha ndani, afadhali uwe na gari.